Dawa Si Chakula

Mama mkwe wangu, Fides, alilima kahawa zaidi ya miaka arobaini, na katika wakulima wote ninaowajua pale Nanyala, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiinywa. Wengine huuza yote, kisha wanakwenda dukani kununua majani ya chai. Yeye kila mwaka alibakiza debe moja. Alikaanga kidogo kidogo kwenye chungu, akatwanga kwenye kinu, na alfajiri jirani akiamka tayari harufu imeshafika barabarani. Machicha yaliyobaki chini ya kikombe aliyamwaga kwenye shina la mgomba ulioko nyuma ya jiko. "Na wenyewe uamke," alikuwa akisema, kila siku, kana kwamba hajawahi kusema hivyo.

Mimi ni Ruti, mke wa Lwitiko, mwanawe wa pekee. Nauza vitenge Tunduma, na mume wangu ni karani wa mawakala wa forodha hapo hapo mpakani. Mdomo wangu hauna breki, watu wa sokoni watakwambia. Siku nilipopelekwa kutambulishwa, shangazi zangu walinionya nifunge bakuli langu mbele ya mama mkwe. Nilijitahidi nusu saa. Halafu akanipa kahawa yake, nikaionja, nikasema, "Mama, hii ni dawa ya kuulia panya." Akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki, na sikuwa na rafiki mwingine kama yeye, wala sitampata.

Aliachwa mjane akiwa na miaka thelathini na nne. Hakuolewa tena. Alibeba kahawa kichwani kutoka shambani mpaka kwenye mashine ya kumenya, mteremko ule unaoteleza, msimu baada ya msimu, na hivyo ndivyo Lwitiko alivyosoma. Gharama yake ililipwa na magoti. Alipofika miaka sitini yalikuwa yamevimba, na ngazi za kanisani alikuwa akizishuka kinyumenyume, ameshika ukuta kwa mikono miwili. Ukimwonea huruma anakasirika. Ukimtania anafurahi. Kwa hiyo nilimtania, nikamwambia anarudi nyuma kama lori lililokosa njia mpakani.

Sasa nieleze mfungo, maana bila mfungo hakuna habari.

Kanisani kwetu kila Januari akina mama hufunga siku ishirini na moja. Kuanzia alfajiri hawali, hawanywi chai, mpaka saa kumi na mbili jioni. Mama Fides yeye aliiacha na kahawa kabisa, hata jioni, mpaka siku ya mwisho. Kila mwaka kuna jambo moja wanaloliombea. Mwaka juzi ilikuwa mvua. Mwaka huu jambo lilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka minne katika ndoa, na mimba mbili zilikuwa zimeharibika, zote kabla ya mwezi wa tatu. Mama Fides alisimama mbele ya wenzake akaomba kwamba mfungo wa mwaka huu uwe kwa ajili ya tumbo la mkwe wake. Wakakubali wote. Tumbo langu likatangazwa kama ng'ombe aliyepotea. Nilipoambiwa niliona haya, nikaona hasira, kisha nikalia, maana hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kubwa kama hilo.

Sala ni mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa mchana, na huombwa kwa kupiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Si dakika kumi. Saa nzima, na mara nyingine zaidi. Kiongozi wa akina mama anaitwa Nesta, rafiki wa mama Fides tangu usichana wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele. Mtu mmoja alimuuliza kuhusu wenye maradhi, naye akatoa hukumu ambayo kila mtu aliikubali, "Maji ruksa, dawa ruksa. Dawa si chakula."

Jumapili ya kuamkia mfungo mama Fides alinipigia simu. Hakuzunguka. "Mwanangu, nitafutie zile za magoti, ambazo uliniletea wakati wa mavuno. Nataka nipige magoti kama wenzangu. Sitaki kuomba jambo lako nikiwa nimekalia kiti."

Nilikwenda kwenye duka la dawa la Sadoki, hatua chache kutoka kibandani kwangu. Nikaomba diklofenaki.

"Ni za nani?" akauliza.

"Zangu."

"Unaumwa wapi?"

"Magoti."

Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Magoti, kwa umri huu?"

"Sadoki, nauziwa dawa au naposwa?"

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliandika kwenye bahasha ya kaki huku akisema kwa sauti, "Asubuhi moja, jioni moja, baada ya kula. Siku tano tu. Zikiisha bado unaumwa, ukapimwe. Na usichanganye na aspirini wala dawa nyingine ya maumivu bila kuniuliza. Ukipata vidonda vya tumbo usije ukasema Sadoki hakukwambia. Kwa maumivu madogo ningekupa parasetamo, na hiyo nayo haizidishwi."

Uongo wangu ulikuwa wa kuokoa dakika tatu. Ningesema ni za mama mwenye miaka sitini na tatu, angeuliza ana presha, ana vidonda vya tumbo, anakula vizuri? Na hilo la kula ndilo nililoliogopa. Jibu nilikuwa nalo, ila sikutaka kulitoa mbele yake. Parasetamo sikumpelekea kwa sababu mama alishasema hizo kwake ni maji.

Jioni nilimkabidhi bahasha. "Mama, zimeandikwa baada ya kula."

"Nimesoma. Nikila jioni nitameza moja."

"Na ya asubuhi?"

"Magoti nayapiga asubuhi, Ruti. Jioni nitakuwa nimeshayainua." Akacheka. Na mimi nikacheka. Nilijua, basi. Nisijifanye sikujua. Nilijiambia siku ishirini na moja si mwaka.

Siku ya tisa ilikuwa Jumanne. Asubuhi hiyo nilikuwa nimechelewa kwenye siku zangu kwa wiki mbili na ushei, na nilikuwa nimekataa kuliwaza jambo hilo, maana kuwaza ndiko kulikoniumiza zile mara mbili. Nikaenda kwa Sadoki nikanunua kipimo. Nikaingia choo cha soko, kile cha kulipia, nikasimama na kijiti mkononi huku mtu anagonga mlango akisema nitoke. Mistari miwili. Nilimwambia anayegonga asubiri kidogo, Mungu yuko kazini.

Ile mimba ya kwanza tulitangaza ikiwa na mwezi na nusu. Nanyala nzima ilikuja kutupongeza. Wiki mbili baadaye wale wale wakaja kutupa pole, na mmoja alikaa kwenye kiti kile kile. Safari hii niliapa. Atajua Lwitiko tu, mpaka nikabidhiwe kadi ya kliniki. Kisha nikapunguza kiapo kidogo kwa ajili ya mama Fides. Nitamwambia siku ya ishirini na moja, atakapokuwa anafungua kwa kikombe chake cha kahawa. Nilikuwa nimeshapanga hadi kitenge nitakachovaa.

Nikarudi kwa Sadoki nikiwa nacheka peke yangu, maana mama alikuwa ameagiza tena za magoti. Nikaomba pakiti tatu za kumi kumi. Akaziacha zilipo.

"Dada, umetoka kununua kipimo sasa hivi. Sikuulizi kimesema nini. Lakini mwenye mimba hamezi hizi bila daktari."

Hapo ndipo neno moja lingetosha. Sadoki, si zangu, ni za mama mkwe, amefunga kula. Angenigombeza mbele za watu, na ningestahili. Lakini nilikuwa nimeshasema ni zangu, na mimi nikishasema jambo huwa nalisimamia hata kama linaniangukia. Nikasonya, nikaondoka. Nikaenda duka jingine upande wa stendi, ambako kijana hakuinua hata macho. Hakuniuliza neno. Nikamwona yeye ndiye mtu mwema.

Jumapili ya siku ya kumi na nne nilipanda kwenda Nanyala. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na barabara kuu ilijaa malori yanayopanda polepole kuelekea mpakani. Nilimkuta mama ameketi kibarazani na Nesta. Alikuwa amekonda. Midomo ilikuwa imepauka, na aliposimama kunikumbatia alishika nguzo kwanza.

"Kizunguzungu kidogo," akasema. "Na hapa panawaka." Aligusa chini ya kifua. Kisha akashusha sauti kwa furaha, kama mtu anayetoa ushuhuda, akasema tangu asubuhi choo chake kimekuwa cheusi, cheusi tii kama lami.

"Ni uchafu unatoka," Nesta akadakia. "Mwili unajisafisha, Mama Lwitiko. Wiki ya mwisho ndivyo inavyokuwa. Bwana anafagia nyumba kabla ya kuweka kitu kipya."

Walitazamana wakatabasamu, wakanitazama mimi, na macho yote yakashuka kwenye tumbo langu. Nilisikia joto usoni. Nikasema, "Mama, asubuhi kula hata kiazi kimoja ndipo umeze dawa. Mungu hatakushitaki."

"Mwanangu, mficha uchi hazai," akanijibu. "Tulishalifunua jambo lako mbele zake, leo katikati ya safari nilifunike?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa nilifungua. Lakini Nesta alikuwa pale, na Nesta akijua jambo saa nne, saa sita lina nyimbo. Nikafunga mdomo. Mimi, ambaye watu hunilipa ninyamaze, siku hiyo moja nikanyamaza bure. Nikala wali wangu jikoni nikiwa nimejificha, nikarudi Tunduma.

Alhamisi akapiga simu, dawa zimekwisha. Nilishangaa. Pakiti tatu! Nikahesabu kwa haraka, nikadhani anameza tatu kwa siku badala ya mbili, nikasema nitamgombeza nikifika. Nikanunua nyingine kwa yule kijana asiyeinua macho.

Nilifika Ijumaa, siku ya kumi na tisa, kabla ya sala ya mchana. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka chumbani, ubavu mmoja, na kando yake kulikuwa na beseni dogo la bluu lililofunikwa kwa khanga. Nilidhani ni nguo za kufua. Nikafunua.

Ndani kulikuwa na machicha ya kahawa. Hivyo ndivyo nilivyoona, na mtu yeyote wa nyumba ile angeona hivyo hivyo. Majimaji ya kahawia na chenga nyeusi zimetulia chini, kama zile alizokuwa akiumwagia mgomba kila asubuhi. Nikaangua kicheko. Nilifurahi, kusema kweli. Nilifurahi kwamba hatimaye ameshindwa, amekunywa kikombe kwa siri, kimemkataa.

"Mama mwizi wewe! Umeinywea wapi?"

Alifumbua macho. Hakucheka. "Nini?"

"Kahawa."

"Siku kumi na tisa sijaigusa," akasema, na nikaona nimemuumiza. "Unanidhania nini, Ruti?"

Ndipo nikainama. Halikuwa na harufu ya kahawa. Lilikuwa na harufu ya buchani asubuhi.

"Umetapika mara ngapi?"

"Hii ya pili."

Pindo la khanga yake lilikuwa na fundo. Nikalifungua bila ruhusa. Kulikuwa na vidonge viwili vya kwangu, na vijikaratasi vingi vya dawa ya unga, vile vinavyouzwa upande wa Zambia, vingine vitupu, vingine vimejaa. Nikasoma maandishi madogo. Aspirini.

"Na hizi?"

"Za kichwa. Dada yake Nesta anazileta kutoka Nakonde, tunagawana mimi na Nesta. Tangu niache kahawa, kichwa kinataka kupasuka."

"Ngapi kwa siku?"

"Tatu. Siku nyingine nne. Dawa si..." Hakumalizia.

Mimi nilijua za magoti. Nesta alijua za kichwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua zote, na yeye aliyejua zote hakuona kuna la kujua. Kwake vilikuwa goti na kichwa, vitu viwili, dawa mbili.

Nikamwambia tunakwenda hospitali sasa hivi. Akakataa. Bado siku mbili, akasema, kesho na keshokutwa, Jumapili atafungua, Jumatatu nitampeleka ninakotaka. Nikasihi. Nikafoka. Akageukia ukutani. Nilipiga magoti kwenye mkeka, nikachukua mkono wake uliokuwa baridi na wenye jasho, nikauweka tumboni kwangu.

"Mama, ipo. Mungu ameshajibu. Amka ule."

Alinigeukia pole pole. Alinitazama, halafu uso wake wote ukafunguka, mzee mzima akawa kama msichana. Akajaribu kupiga kigelegele. Kilitoka nusu, kikafa. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni, akawa anasema ahsante, ahsante, sijui kwangu au kwa Mungu. Kisha akauliza, "Umejua lini?"

Ningeweza kudanganya. Uongo naujua. Lakini siku hiyo ulinikimbia.

"Siku ya tisa."

"Ya tisa," akarudia. Mkono wake ulikuwa bado tumboni kwangu. "Ungeniambia, mwanangu, ningekunywa hata chai."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningekuwa na pa kushika.

Jirani yetu Sebastian ana pikapu ya kubebea kahawa. Tulimlaza nyuma kwenye magunia, mimi nimempakata kichwa, tukaelekea Vwawa. Mvua ilianza tukiwa njiani, nikamfunika kwa vitenge vya biashara. Tulikwama nyuma ya lori la mafuta lililoharibikia mlimani. Sebastian alipiga honi mpaka nikamwambia aache, maana kila honi mama alikuwa anashtuka. Mama alisema mara moja tu, "Usibebe vitu vizito." Nikadhani anaweweseka. Baadaye nikaelewa alikuwa ananiusia.

Hospitalini walimpokea mbio. Wakamtundikia dripu, wakatafuta damu. Lwitiko alifika kutoka Tunduma bado ana kalamu sikioni, akatoa damu, na Sebastian akatoa. Asubuhi ya Jumamosi mama alitapika tena, na safari hii haikuwa na rangi ya kahawa. Ilikuwa nyekundu. Saa tano kasoro, mama Fides akafariki. Ilibaki siku moja.

Daktari alikuwa binti mdogo kwangu. Alitaka kutupa pole tu, lakini nilimshika mkono nikamwambia aniambie yote, asinihurumie. Akakaa. Akavitandaza juu ya meza vile vidonge na vile vijikaratasi nilivyokuja navyo.

"Hizi mbili ni ukoo mmoja," akasema. "Kila moja inaweza kuchubua tumbo mpaka lichanike. Watu wanaziona ndogo kwa sababu zinauzwa bila cheti. Kwa mtu wa umri wake, mfululizo, mbili kwa pamoja, tumbo halina kitu... hata ukila, hazichanganywi. Alipaswa aje aangaliwe kabla."

"Choo cheusi?"

"Ni damu iliyokwisha kupita tumboni. Siku ile ya kwanza ndiyo ilikuwa siku ya kuja, dada."

Siku ile ya kwanza nilikuwa nakula wali jikoni nimejificha.

Tulimzika Jumapili, siku ya ishirini na moja. Walikuja watu wengi kuliko nilivyowahi kuona Nanyala. Akina mama wa kanisa walifungua mfungo wao kwa uji wa msiba. Nesta aliongoza nyimbo, lakini kengele ilikuwa imetoka kwenye sauti yake. Nilimtazama kwa chuki. Niseme ukweli, nilitaka awe yeye. Nilitaka lile jambo lote liwe la Nesta na hukumu yake na dada yake wa Nakonde, ili lisiwe langu.

Baada ya maziko wanawake tulikaa ndani kwenye mikeka. Sikuwa nimekula tangu Ijumaa. Kichwa kiliniuma hadi nikawa naona vimulimuli. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, mtu mwema kabisa, akafungua fundo la khanga yake, akanishikisha vidonge viwili na kikombe cha maji.

"Meza, mwanangu, utulie. Ni zile zile alizokuwa akitugawia marehemu."

Niliviangalia mkononi. Ni vile vyangu, vya yule kijana wa stendi.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka maji yalimwagika kwenye mkeka. Nikasema yote. Nikasema ni mimi niliyezinunua, na kwamba nilimdanganya muuzaji ni zangu, na aliponikatalia nikaenda kwa asiyeuliza. Nikasema zimeandikwa baada ya kula na nilijua anazimeza bila kula. Nikasema za kichwa na za magoti ni ukoo mmoja. Nikasema choo kile cheusi hakikuwa uchafu, ilikuwa damu yake. Na nikasema nina mimba, nilikuwa nayo tangu siku ya tisa, amekufa akiniombea kitu nilichokuwa nimekificha. Kuna mama aliyeanza kigelegele kwa mazoea, akajiziba mdomo.

"Alimgawia nani mwingine?" nikauliza. "Nani mwingine alikuwa anameza?"

Kisha fundo moja la khanga likafunguliwa, na jingine, na jingine. Wanawake saba. Vidonge vikawekwa kwenye mkeka, vingine vimelowa jasho, vingine vimevunjika nusu ili vitoshe watu wawili. Mama Fides aliwagawia wenye magoti kama yake, ili wote wapige magoti kwa ajili yangu. Ndiyo maana pakiti zilikuwa zinaisha.

Nilipita kwa mmoja mmoja nikauliza ana maumivu ya tumbo, ametapika, choo kikoje. Wengine waliona haya, wakajibu kwa kutikisa kichwa. Hapana. Hapana. Kiungulia kidogo. Hapana. Niliwaambia waache hata hivyo, na wa kiungulia kesho aende kupimwa.

Nesta alikuwa kwenye kona. Hakufungua fundo lolote. Nilipofika mbele yake nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, niliyokuwa nimeyanoa siku mbili. Akaniashiria niiname. Midomo yake ilikuwa imepauka. Sikuwa nimeiona, kwa sababu siku zote mbili nilikuwa natazama mdomo wake kwa sababu nyingine.

"Ruti," akaninong'oneza, "kile choo cheusi. Alikaa nacho siku ngapi kabla ya kutapika?"

"Tano."

Akainamia mikono yake.

"Mimi leo ni ya nne," akasema.

Nikamshika kwapani nikamwinua. Alikuwa mwepesi. Nikatoka naye katikati ya waombolezaji, bila viatu, nikimwita Sebastian alete pikapu mlangoni.